Bateri Zilizovimba Kahendero

Jumamosi, 1 Septemba 2018. Kasese

Daftari jipya, na mvua ya kwanza ya msimu imepiga leo saa nane mchana. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. Baba alitoka Busia ya Kenya kuja kuchimba shaba, mama ni Mtooro wa Fort Portal. Wangetongozana kwa lugha gani nyingine?

Mimi Akidi, fundi wa simu. Meza yangu iko kwenye baraza la duka la Hajji Umaru, mwenye lori linalopeleka samaki Bwera kila Ijumaa. Mwaka wa sita huu nakaa pale. Mvua ikianza, watu huniletea simu zilizokunywa maji, wanalia kama wamefiwa. Mwaka huu nimewahi. Nimebandika karatasi kubwa juu ya meza: MVUA IMEFIKA. SIMU NA MAJI HAVIPATANI. FUNGA SIMU YAKO KWENYE KAVEERA WAKATI WOTE. FUNDI AKIDI. Kaveera ndiyo mfuko wa nailoni, kila mtu hapa anao.

Nilimwomba Hajji niandike jina langu ukutani kwa rangi, kama mafundi wa Kampala. Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Karatasi sawa, binti yangu. Ukuta, hapana. Jina lingoje kwanza watu walijue."

Miaka sita! Wanijueje zaidi?

Jumanne, 4 Septemba

Mvua. Mwalimu Byaruhanga kaleta simu, anataka bateri mpya, eti haijai. Nimechokonoa tundu la chaji kwa kijiti, nikatoa unga wa muhogo wa kutosha kupikia kuku uji. Ikajaa. Sikumuuzia bateri. Ameniita mtu mwaminifu mbele ya watu, nami sikumkatalia.

Ijumaa, 7 Septemba

Kansiime wa Kahendero, kijiji cha wavuvi kule ziwani, mkubwa wa kikundi cha akina mama wanaouza samaki, amesimama mbele ya karatasi yangu akaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Akasema, "Hii ni maneno ya akili. Nitawaambia bamama wote." Nikavimba kichwa. Amenunua bateri mbili, moja yake, moja ya dada yake. Zote zilistahili kubadilishwa: simu ilikuwa inaonyesha asilimia arobaini, mara giza. Hiyo ndiyo dalili, wala si mtu kuchoka rangi ya simu yake.

Jumanne, 11 Septemba

Mvua. Bateri nyingine nane zimekwenda Kahendero.

Jumatatu, 17 Septemba

Mvua usiku kucha. Umeme hakuna.

Ijumaa, 21 Septemba

Leo nimetukanwa.

Kansiime kashuka kwenye boda na beseni lake la samaki, hakusalimia mtu. Akatupa simu mezani. Mfuniko wa nyuma ulikuwa umeinuka, bateri imetuna katikati. Wiki mbili tu! "Wewe fundi, umeniuzia bomu? Ilikuwa inakaa kwa kifua yangu!"

Nikaichomoa, nikailaza mezani, nikaizungusha kwa kidole. Ndivyo tunavyopima sisi mafundi: bateri nzima ina tumbo bapa, ukiizungusha inakwama. Iliyovimba inazunguka kama pia. Hii ilizunguka mpaka nikaisimamisha mwenyewe. Haikuwa na ubishi, ya kutupwa. Nilimpa nyingine bure nikamwomba radhi, lakini moyoni nilijisemea huyu mama ameiacha juani kwenye mitumbwi.

Jumanne, 25 Septemba

Mvua. Mbili zimevimba. Kahendero.

Ijumaa, 28 Septemba

Nne! Zote za Kahendero. Kansiime alizipanga mezani mbele ya wateja wangu, mojamoja, kama anapanga samaki. "Musinunue kwa huyu," anawaambia watu. "Huyu atachoma nyumba yenu." Mtu mmoja aliyekuwa amekwisha kunipa simu aliichukua akaondoka.

Jioni Hajji akaniita ndani. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Akidi, lori yangu inaishi kwa samaki ya hawa akina mama. Wamesema wewe ukikaa hapa, watatafuta lori nyingine. Nakupa mpaka mvua ziishe, mwisho wa Novemba. Ukiwanyamazisha kwa haki, kaa. Ukishindwa, baraza nitampa Muniru."

Muniru ni kijana anayekaanga chapati ng'ambo ya barabara. Sijamaliza hata kutoka ndani, Muniru keshafika kupima baraza kwa nyayo. "Nane kwa tano," akasema. "Jiko litaingia."

Nimelia. Naandika hapa kwa sababu sitaki kumwambia mtu.

Ijumaa, 5 Oktoba. Bwera

Nimepanda lori la Hajji mpaka Bwera, siku ya soko, kumkabili Masika. Yeye ndiye anayeniuzia bateri kwa katoni, karibu na mpaka. Njia nzima nilikuwa nanoa ulimi. Nilishaamua: ni yeye. Ameniuzia bateri kuukuu zilizovalishwa karatasi mpya.

Nilimwaga maneno sokoni, Mungu anisamehe. Nilimwita mwizi mbele ya Wakongomani waliokuja kununua chumvi. Masika alingoja nimalize. Akafuta mikono kwenye kitenge.

"Weye Akidi, unanipigia makelele mbele ya batu? Hii telefoni ni ya mimi. Bateri yake ilitoka mu katoni ile ile ya kwako. Iko na mwezi mbili. Zungusha."

Nikaizungusha. Ikakwama papo hapo.

Akamwita mama mmoja wa Kongo anayeuza vitenge, akamwita mbadilisha-pesa, akamwita mwenye mizani. Wote bateri zao ni za katoni ile. Nikazungusha, zikakwama. Nikazungusha, zikakwama. Watu walianza kucheka kila zikikwama.

"Mutu akiwa na hasira anakuwa kipofu," Masika akasema. "Bateri yangu iko muzima. Kwenda utafute kwako."

Nilirudi nimekaa juu ya magunia, mvua inaninyeshea, na sikujifunika. Nilistahili.

Jumamosi, 6 Oktoba

Sikufungua meza mpaka mchana. Nimeketi na daftari hili nikarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. Bateri za katoni ile nimeuza hapa Kasese, nimeuza Kisinga, hata kwa Mwalimu Byaruhanga nimeweka moja wiki iliyopita, ya kwake ilipochoka kweli. Zilizovimba ni saba. Kansiime, dada yake, na wenzao watano. Zote Kahendero. Hakuna hata moja ya kwingine!

Nilikuwa nimeandika "Kahendero" kwa mkono wangu mwenyewe, tena na tena, na sikuliona. Basi si bateri. Kuna kitu huko ziwani.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mvua. Mto Nyamwamba umejaa, barabara ya chini, ya kwenda Kahendero, haipitiki. Muniru kaja na kamba leo, nyayo hazitoshi tena. Nilimwambia akanyage tena baraza hili kabla ya Novemba kwisha, nitamkaanga yeye.

Jumatano, 17 Oktoba

Bado njia imefungwa. Tatu zimevimba, nimezipokea kwa dereva wa boda aliyezunguka mlimani. Sasa kumi.

Jumatano, 24 Oktoba. Kahendero

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Nilifika saa nne asubuhi, mita yangu ya kupimia umeme mfukoni, bateri zilizobaki kwenye begi. Kahendero hakuna umeme wa nguzo. Simu zote za kijiji huchajiwa kwa Yosamu, mwenye kibanda na paneli ya jua juu ya bati. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu njiani, kama nilivyomhukumu Masika: chaja zake ni mbovu, zinasukuma umeme kupita kiasi. Lakini safari hii niliuma ulimi. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za watoto, nikamwomba kwa upole nipime.

Nikapima waya wa kwanza. Sawa. Wa pili, sawa. Nikapima yote kumi na minne. Safi, kuliko hata wa kwangu! Yosamu alinitazama kwa huruma. "Fundi, mimi nilisomea hii Kasese. Umeme yangu haina shida."

Nilikaa kwenye ngazi yake nikaona kichwani mwangu Muniru anakaanga chapati mahali pangu. Nilikuwa nimefika mwisho. Hakuna mwingine wa kumlaumu.

Ndipo wingu likafunga, mvua ikaanza, na akina mama wakaja mbio kutoka mwaloni, mitumbwi inakotua, Kansiime mbele. Kila mmoja akatoa simu kifuani. Kila simu imefungwa ndani ya kaveera, mfuko wa nailoni ule mweusi, mara mbili, mara tatu, fundo juu ya fundo. Nikangoja wafungue. Hawakufungua! Kila kaveera ilikuwa na kitundu kidogo, na Yosamu alikuwa anapitisha waya kwenye kitundu hicho, anachomeka simu ikiwa ndani ya nailoni yake. Kisha akazipanga zote kwenye sanduku la mbao, zimebanana, akafunika, akatia kufuli.

"Yosamu, kwa nini unafunika?"

"Mvua inaingia kwa bati. Na wezi."

"Na kwa nini hamfungui hizo kaveera?"

Kansiime ndiye aliyejibu, mikono kiunoni. "Wewe mwenyewe uliandika! Wakati wote. Mimi nilisoma kwa macho yangu. Na sisi kwa kikundi tuliweka sheria: mama akikutwa simu yake haina kaveera, analipa faini samaki moja. Hata Yosamu tulimwambia, akifungua analipa."

Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa kimebandikwa kwa gundi juu ya meza yangu, na jina langu chini yake.

Nikamwomba Yosamu afungue sanduku baada ya robo saa. Nikatoa simu ya Kansiime, nikamwekea mkononi. Aliiachia haraka. Ilikuwa ya moto kama muhogo uliotoka kwenye majivu.

Nikawaambia. Sikujificha. Nikawaambia simu ikila chaji inatoa joto, na joto lile lazima lipate pa kutokea. Ukiifunga nailoni, ukaifungia sandukuni na wenzake kumi na tatu, inajipika yenyewe kila siku. Bateri inatuna, inakufa kabla ya siku zake, na ikizidi inaweza kuwaka moto. "Kaveera ni ya njiani, kwa mvua," nikasema. "Kwenye chaji inavuliwa. Mimi sikuandika hivyo. Kosa ni langu. Si la Masika, si la Yosamu, si lenu."

Kansiime akakunja uso. "Juzi ilikuwa bateri mbaya. Leo ni kaveera. Kesho utasema ni samaki?"

Ah, nilimpenda kwa hilo, kwa kweli. Mimi pia nisingejiamini. Nikamwambia, "Nyabo, mama yangu, usiniamini. Tujaribu." Nimetoa kwenye begi bateri kumi na mbili za katoni ileile, zote nilizobaki nazo. Kila moja nimeitia alama ya rangi ya kucha nyekundu, mtu asije akabadilisha. Kumi na moja nimewawekea akina mama. Wao watachaji simu ikiwa uchi, juu ya rafu, chini ya bati tuliloziba leo kwa lami. Ya kumi na mbili nimeiweka kwenye simu kuukuu ya Yosamu; itachajiwa kwa kaveera, sandukuni, peke yake, na yeye ataitazama. Ikianza kuinua mfuniko, aichomoe, asiitoboe.

"Ijumaa ya mwisho ya Novemba," nikasema, "mkija kupakia samaki, tutazizungusha barazani mbele ya Hajji. Zenu zikivimba hata moja, nabeba meza yangu naondoka, na mtanitukana mpaka mchoke."

"Tutakutukana vizuri," Kansiime akasema. Akafuta ile faini ya kaveera mbele yangu, kwa mwezi mmoja tu.

Jumamosi, 27 Oktoba

Nimebandua karatasi yangu. Mahali pake ukutani pamebaki peupe.

Ijumaa, 2 Novemba

Mvua. Kansiime kapita, hakunitazama. Lakini hakutukana.

Ijumaa, 9 Novemba

Saa tatu Kansiime kapiga simu: "Fundi, moja imekufa. Ya dada yangu. Haiingizi chaji." Ya dada yake ni ya wale wanaochaji uchi! Nimeacha meza wazi nikapanda boda kwenye matope, tumeanguka mara moja, goti limechubuka. Nimefika nikafungua mfuniko, nikazungusha bateri: imekwama. Nzima kabisa. Nikachungulia tundu la chaji kwa tochi. Gamba la samaki! Gamba moja la ngege, limejibandika mle ndani kama mwenye nyumba.

Nililitoa kwa sindano nikamwonyesha Kansiime kwenye ncha ya kidole. Alitazama, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini. "Nilisema utasingizia samaki!" Tulicheka wote wawili na goti langu linavuja damu. Sikujua kuwa ana kicheko kile. Wiki saba nimemwona adui, kumbe ni mtu anayelinda wenzake tu, kama ambavyo mimi ningefanya.

Ijumaa, 16 Novemba

Muniru kapima tena. Mara hii kwa chaki. Nimeifuta.

Jumanne, 20 Novemba

Mvua kidogo. Yosamu katuma ujumbe: "Mfuniko umeinuka. Nimeichomoa." Nimeusoma mara kumi.

Ijumaa, 30 Novemba

Leo!

Saa moja asubuhi akina mama wote kumi na mmoja wameshuka na mabeseni. Hajji katoa benchi nje. Mwalimu Byaruhanga kasimama, wapakiaji wameacha kupakia, Muniru kaacha chapati zinaungua. Nimeipangusa meza mara tatu.

Kansiime hakutaka mimi niguse. "Nitazungusha mwenyewe." Haki yake. Akatoa bateri yake, tukaangalia alama nyekundu, akailaza, akaizungusha kwa kidole kinene cha kusafisha samaki.

Ikakwama.

Ya dada yake, ikakwama. Ya tatu. Ya nne. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ya saba ilisogea kidogo, kumbe kulikuwa na chembe ya mchanga chini yake. Akapangusa, akarudia, ikakwama. "Nane! Tisa! Kumi!" Ya kumi na moja alipoizungusha, wapakiaji walipiga makofi kabla haijasimama.

Yosamu akatoa yake mfukoni, ameifunga kwa kitambaa kama kitu cha kanisani. Alama ya kucha ipo. Akailaza. Kansiime akaigusa kidogo tu, na ile bateri ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, watu wote wameinama juu ya meza wanaitazama, mpaka ikajiendea yenyewe ukingoni, nikaidaka kabla haijaanguka.

Kansiime akageuka kwa watu wote, na sauti yake ya mwaloni. "Nilisema huyu atachoma nyumba yenu. Nimeirudisha ile neno. Huyu ni fundi!" Wakapiga vigelegele.

Kansiime hakuwa amemaliza. Akainua mkono. "Sasa sheria ya kikundi. Mama akichaji simu ndani ya kaveera, faini samaki moja. Na aliyeandika karatasi bila kueleza vizuri, yeye pia faini. Samaki moja!"

Nimelipa. Nimenunua ngege mkubwa kwenye beseni lake mwenyewe nikamkabidhi. Akampokea, akamgeuza, akanirudishia. "Hii ni ya fundi. Kula."

Nikapanda lori mpaka Bwera. Pale sokoni, mahali palepale nilipomwita Masika mwizi, nimemwomba msamaha kwa sauti ileile, kila mtu asikie. Nilimpa samaki yule. Alinikumbatia na magamba yake. "Sasa batu banakujua mpaka Kongo," akasema. Akanikopesha katoni mbili, na hakutaka hata niandike deni.

Jumamosi, 1 Desemba

Nilifika asubuhi nikamkuta Hajji juu ya kigoda, suruali imekunjwa, kopo la rangi ya bluu ya lori mkononi. Amepaka mraba pale palipobaki peupe. Aliponiona akakohoa. "Unaandikaje jina lako? Kwa K moja?"

"Moja, Hajji."

Akaniachia brashi. Nimeandika mwenyewe, herufi kubwa kama mlango: AKIDI. FUNDI WA SIMU. Chini yake, kwa maneno aliyonipa Kansiime jana: NJIANI FUNIKA. KWENYE CHAJI FUNUA. IKIZUNGUKA, LETE.

Nilikuwa sijamaliza E ya mwisho, tone likaniangukia puani. Mvua, ile ambayo ilitakiwa iwe imekwisha! Rangi ingali mbichi. Nilipiga ukelele. Muniru ndiye aliyefika kwanza, kavuka barabara mbio na kaveera kubwa ya unga wake wa ngano, akaichana katikati, akapanda benchi. Hajji akashika upande mmoja, Muniru upande mwingine, wakaitandaza juu ya jina langu, na maji yanawachuruzika wote wawili mikononi.

"Shikeni vizuri," niliwaambia. "Hii haiko kwenye chaji."